Laleni Mtinko: barua ya wazi kwa waandaaji wa misafara ya baiskeli

Kwa waandaaji wa misafara ya baiskeli ya masafa marefu, Dar es Salaam, Arusha na kokote mliko.

Ndugu waandaaji,

Mtinko tupo kaskazini ya mji wa Singida, upande wa Ilongero yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya yetu. Mwendesha baiskeli aliyeondoka Singida mjini alfajiri anaweza kunywa chai ya saa nne kwetu bila kujitesa. Nawaandikieni juu ya siku moja tu ya ratiba zenu, ile ambayo msafara unaofuata njia ya kati unaingia mkoa huu, unapumzika mjini, na kesho yake unashika lami kuelekea Nzega au Babati, mkoa mzima ukihesabiwa umeshapitiwa. Ombi langu ni kwamba siku hiyo muitoe kwenye lami. Piteni Ilongero, mje Mtinko, mle hapa na mlale hapa, na mlipie kila mlichokula na kila mlipolala. Siwaombi mje kutusaidia. Nawaomba mje kununua, na nitaeleza kwa nini naona hilo la pili lina maana kubwa kuliko la kwanza.

Safari za makundi zenye ujumbe hazikuanza na helmeti na nguo za kubana. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana wa nchi hii walitembea kwa miguu mamia ya kilomita kuliunga mkono, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani akitokea Arusha kwenda Dar es Salaam. Jina lake bado liko kwenye shule. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Safari ya siku kadhaa kwa miguu haina namna isipokuwa kulala njiani, kula njiani na kuomba maji njiani, kwa hiyo ujumbe ulifika vijijini pamoja na miguu ya waliokuwa wanaubeba. Leo kuna Twende Butiama, msafara wa baiskeli unaotoka Dar es Salaam kwenda Butiama kumuenzi Mwalimu, aliyefariki tarehe 14 Oktoba mwaka 1999. Kuna Tour d'Afrique, inayotoka Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003 na kuipita Tanzania. Kuna klabu nyingi ndogo za mijini zinazopanga safari zao za siku tatu, nne au zaidi. Hizi zote ni habari njema, na hakuna mwanakijiji anayekasirika akiona watu mia wanapita kwa baiskeli wakipunga mikono. Tatizo ni kwamba hawashuki.

Hebu tuitazame baiskeli kama mfanyabiashara anavyoitazama. Mtu aliye kwenye basi la kwenda Mwanza anapita vijiji vyetu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dirisha limefungwa, na akinunua kitu ni soda na karanga pale basi linaposimama. Mtu aliye juu ya baiskeli anakwenda kilomita 20 kwa saa. Anaona kibao cha mama lishe kabla hajakifikia, anasikia harufu ya maandazi, na kila baada ya saa moja au mbili ana njaa ya kweli. Anayeendesha kilomita 100 kwa siku anahitaji chakula karibu mara mbili ya anachokula mtu aliyekaa ofisini. Ana kiu, ana vumbi, ana jasho, na baiskeli yake inaweza kumgomea wakati wowote. Kwa muuza chai, muuza ndizi, mwenye gesti na fundi, hakuna mteja anayemzidi huyu. Sasa tazameni misafara mingi ya siku hizi inavyopangwa: mbele gari la usalama, nyuma gari la maji, katikati gari la fundi lenye kila aina ya kipuri, na pembeni pick-up yenye ndizi na mikate iliyonunuliwa mjini. Ile mikubwa ya kimataifa husafiri na jiko lake na mpishi wake. Mwendesha baiskeli amefanywa abiria wa basi, tofauti ni kwamba anatoa jasho.

Tuseme msafara una watu 100, na kila mmoja kwa siku moja anatumia shilingi 25,000 kwa kulala, milo mitatu, maji, matunda na kiraka cha tairi. Hiyo ni milioni mbili na nusu, zinazoingia katika mikono ya watu wengi wadogo kwa usiku mmoja, bila semina wala fomu ya maombi. Sidai kwamba fedha hiyo itabadilisha kata. Nadai kwamba ni fedha ambayo tayari ipo kwenye bajeti zenu, mnaitumia kila mwaka, na karibu yote inabaki kwenye supamaketi za miji mlikotoka na hoteli za miji mnakolala.

Mfano ninaoupenda uko mbali nasi, katika jimbo la Iowa huko Marekani, nchi ya mahindi, soya na miji midogo kama yetu. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, waliamua kulivuka jimbo lao kwa baiskeli na kuwaalika wasomaji wanaotaka kufuatana nao. Watu kama 300 walijitokeza, na 114 ndio waliofika mwisho. Mmoja wao alikuwa mzee wa miaka 83, Clarence Pickard, aliyepanda baiskeli ya kike ya mtumba, katika joto la Agosti, huku amevaa nguo ndefu za ndani za baridi na kofia ngumu kama ya bwana shauri wa kikoloni. Alifika. Safari hiyo, inayoitwa RAGBRAI, haijafa mpaka leo. Kila Julai maelfu ya watu hulivuka jimbo kwa wiki nzima, kiasi cha kilomita 100 na kitu kwa siku. Si mashindano, hakuna mshindi. Kilichoifanya iishi zaidi ya miaka 50 ni mpango wake na miji. Miji ya kulala hutangazwa mwezi Januari, miezi sita kabla, na kila mji hujiundia kamati. Kanisa linapika, kikosi cha zimamoto kinachoma nyama, wanafunzi wanauza maji na keki kuchangia safari ya shule, familia zinafungua nyua zao ili wageni wapige mahema. Miji inaomba ichaguliwe. Hebu fikirini: miji ya wakulima inagombea kupitiwa na baiskeli, kwa sababu inajua wageni watakuja na njaa na pochi.

Ufaransa wana safari kongwe zaidi, Paris-Brest-Paris, ambayo ilianza kama mashindano mwaka 1891 na leo ni safari ya kujipima: kilomita 1,200 ndani ya saa 90, mara moja kila miaka minne. Mwendeshaji hubeba kadi na lazima igongwe muhuri katika vituo, na vituo vingi ni miji midogo ya mashambani. Mji wa Villaines-la-Juhel umejulikana duniani kote miongoni mwa waendesha baiskeli kwa sababu ya kituo hicho tu. Mji mzima hutoka, na watoto huwabebea wageni sinia za chakula kwa sababu miguu yao haiwezi tena kubeba sinia na mwili kwa pamoja. Muhuri kwenye kadi ndio unaomlazimisha mgeni kushuka. Huo ndio ufundi wote, na hauhitaji fedha nyingi kuuiga.

Najua mtaniambia kwamba misafara yenu haipiti mikono mitupu. Mnapanda miti, mnagawa madawati, mnaleta madaktari wa kupima macho na shinikizo la damu, mkikumbuka wale maadui watatu wa Mwalimu: ujinga, maradhi na umaskini. Sibezi hata kimoja. Dawati ni dawati, na mtoto aliyekuwa anakaa chini anajua thamani yake. Lakini tulitazame la miti kwa macho ya mkulima wa Singida. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Oktoba, mwezi wa kumbukumbu ya Mwalimu, ndio mwezi ardhi imekauka mpaka imepasuka, upepo unavuma kutwa, na mama anapanga foleni kisimani. Mche uliopandwa wakati huo mbele ya kamera unahitaji ndoo ya maji kila baada ya siku chache kwa miezi miwili kabla mvua haijaupokea. Ndoo hiyo ataibeba nani? Msafara umeshafika Butiama. Mngenunua miche hiyo kwa kikundi cha hapa chenye kitalu, mkawalipa waipande Desemba na kuitunza, mti ungekuwa hai mkirudi mwaka unaofuata, na kitalu kingekuwa na mteja. Mimi naona kununua ni namna ya heshima. Anayekununulia amekubali kwamba una kitu anachokihitaji. Anayekugawia, hata awe na moyo mweupe kiasi gani, amekuja akijua tayari nani ana na nani hana.

Na sisi tuna vitu. Njooni muone fundi baiskeli wa kijijini akifanya kazi, maana wengi wenu fundi mnayemjua ni yule wa dukani mwenye kompresa na stendi. Wetu anakaa chini ya mwarobaini, vifaa vyake vimo ndani ya boksi la mbao. Anafungua tairi kwa vipini vya vijiko, anatoa mpira wa ndani, anaujaza upepo kidogo kwa pampu ya mkono, anauzamisha kwenye karai la maji na kuupitisha polepole mbele ya macho yake hadi viputo vitoke. Pale anapabana kwa kidole, anakausha, anapiga msasa, anapaka gundi, anaipuliza gundi, anasubiri, kisha anabandika kiraka alichokikata kutoka kwenye mpira uliokufa na kukigonga kwa nyundo ndogo. Halafu anafanya jambo ambalo wageni huwa wanalisahau: anapitisha vidole ndani ya tairi kuutafuta mwiba. Katika nchi hii ya migunga, asiyeutoa mwiba atarudi baada ya nusu kilomita. Phoenix na Avon anazozitengeneza hubeba magunia ya alizeti, madumu ya maji, matenga ya kuku na wakati mwingine mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Carolus, iliyo hapa kwetu. Huyu ni mwenzenu. Mnapoleta fundi wenu na gari lake, mnamwacha akiwatazama kama mtazamaji wa mpira nje ya uwanja.

Ndiyo maana ombi langu lina kipande cha pili: siku ya Mtinko iwe wazi kwa baiskeli za Mtinko. Anayetaka kuungana nanyi kutoka Ilongero, awe mwanafunzi wa sekondari, mama anayetoka gulioni au mzee mwenye Phoenix ya kariya mbili, aruhusiwe kuingia kwenye msururu. Vijana wetu wengi leo wanaiona baiskeli kama alama ya dhiki. Anayeweza amenunua pikipiki kwa mkopo na kuifanya bodaboda, na baiskeli imebaki kwa asiyejiweza. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na dunia ikaona watu wamejaa kwenye vilima vya Rwanda kushangilia. Kigali hata hivyo ni mbali, na kwenye simu. Kijana akimwona daktari au meneja wa benki ametoka Dar es Salaam kwa baiskeli kwa hiari yake, kisha akampita kwenye kilima akiwa na Phoenix yake isiyo na gia, atakuwa na la kusimulia ambalo bango haliwezi kumfundisha. Na atampita, nawahakikishieni, angalau kwenye kilima cha kwanza.

Nijibu sasa pingamizi, na la kwanza ni barabara. Mtasema lami ni salama na vumbi ni hatari. Lami ya Singida ndiyo njia ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mwendesha baiskeli anayepitwa na lori lenye tela wakati upepo wa Singida unampiga ubavuni anajua maana ya kuombea roho. Upepo huo si wa kutania: pakizungumzwa umeme wa upepo nchini, majina yanayotajwa kwanza ni Singida na Makambako. Kwenye njia za vijijini adui zenu watakuwa mchanga, mashimo, miiba na ng'ombe, na wote hao mtu anawaona kabla hajawafikia. Tena huko duniani vumbi limekuwa fahari. Kenya wanaendesha Migration Gravel Race tangu mwaka 2021, siku nne kwenye njia za changarawe upande wa Maasai Mara, na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kulila vumbi hilo. Wenye matairi membamba kama kamba wabadilishe matairi siku hiyo, au wapande gari. Hakuna atakayewacheka sana.

Pingamizi la ratiba nalielewa zaidi. Msafara wenye tarehe ya kufika hauwezi kuzurura. Lakini siku moja kati ya siku zote za safari si kuzurura, na kama hata hiyo haipatikani, punguzeni kituo kimoja cha kupokewa na viongozi mahali pengine. Hapo siku itakuwa imepatikana, na labda na nusu yake ya ziada.

Lililo zito kweli ni hili: Mtinko haina vitanda 100 vya gesti, na kiangazi hatuna maji ya kumwaga. Sitalipamba. Vitanda vina ufumbuzi, kwa sababu watu wa Iowa hawana hoteli vijijini pia. Wageni hulala kwenye mahema, viwanja vya shule na nyua za watu, na uwanja wa shule uliokodishwa kwa usiku mmoja unaweza kuiachia shule fedha ya chaki na madaftari. Maji ni suala jingine. Watu 100 wakioga kama wanavyooga mjini wataacha foleni ya kisima imeongezeka kwa saa nyingi, na mgeni wa namna hiyo hamponyi mwenyeji, hata kama methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo maji ya kuoga yaje kwa boza kutoka mjini, kwa gharama yenu, na kila mtu apewe ndoo moja. Hilo ndilo gari pekee la huduma ambalo ningewaomba mlilete. Vyakula acheni. Ugali wa uwele na mlenda, kuku wa kienyeji, viazi, asali na maembe kama yamewahi, vyote vipo, na mama lishe akiambiwa mapema hashindwi na watu 100; anapikia misiba yenye watu zaidi ya hao.

Kuna wanaohofia kwamba wageni watawafundisha watoto kuombaomba. Wanaowafundisha ni wale wanaorusha pipi na sarafu wakiwa wanapita, kwa sababu aliyepita hana muda wa kufanya lolote lingine. Anayeshuka, akanunua ndizi kwa mtoto anayemsaidia mama yake kuuza, akapewa chenji, amemfundisha hesabu.

Sentensi chache niwageukie viongozi wetu wa kata, halmashauri na mkoa, maana najua barua hii itawafikia, na ninahofia ukarimu wao kuliko vumbi. Tafadhali, siku hiyo pasiwe na turubai la wageni waalikwa, meza kuu, risala na utambulisho wa kila aliyevaa suti. Mtu aliyeendesha tangu alfajiri anataka kukaa chini, kula na kunyoosha miguu. Akisimamishwa juani kwa saa mbili kusikiliza hotuba, mwaka ujao atapita kwa lami. Pasiwe pia na mkusanya ushuru anayezunguka na mashine kwa kina mama waliojitokeza kuuza kwa siku moja. Kazi yenu ni kusafisha choo cha shule, kuweka askari wawili kwenye njia panda, na kuiarifu Hospitali ya Mtakatifu Carolus iwe na mtu wa zamu anayejua kwamba huenda akaletewa bega lililoteguka.

Mkikubali, ndugu waandaaji, anzeni na barua kwa mtendaji wa kata, na ije miezi mitatu kabla, si wiki moja. Iseme idadi ya watu, wangapi ni wanawake, wangapi wana mahema, saa mnayotarajia kufika na nani mwenye mamlaka ya kulipa. Msiandike "kutegemea na hali". Kuku wa kienyeji anahitaji muda kukua, mwenye shamba la mihogo anahitaji kujua aache mashina mangapi, na fundi wa chini ya mwarobaini itabidi apande basi hadi Singida mjini kutafuta mipira ya ndani ya magurudumu yenu membamba, ambayo kwa sasa hana hata mmoja.

Wasalaam,
Mkazi wa Mtinko, Singida